Msumeno wa meza nyumbani, ufunguo ashike nani?

Ilikuwa Jumamosi, saa saba mchana, na umeme ulikuwa umekatika. Baba mmoja wa Kimwani, kusini mwa Wilaya ya Muleba, aliacha kazi yake ya mbao kibandani akaingia ndani kula. Mtoto wake wa miaka saba alimaliza sahani yake kabla ya wote, kama watoto wafanyavyo wakiwa na jambo lao kichwani. Akarudi kibandani peke yake. Akaweka kipande cha mti juu ya msumeno wa meza, akaanza kukisukuma kuelekea kwenye meno ya bledi huku mdomoni akitoa mlio wa mashine.

Umeme ukarudi.

Hakuna aliyekuwa amezima swichi. Bledi ilianza kuzunguka yenyewe, ikakinyakua kile kipande na kukirusha nyuma. Kilipita kando ya sikio la mtoto, kikagonga bati la ukuta kwa kishindo kilichosikika hadi kwa jirani. Mtoto hakuumia hata kidogo. Alilia mpaka usingizi ukamchukua.

Mama hakugomba. Alikwenda kibandani, akachomoa plagi, akafunga mlango kwa kufuli, na ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga. Ulikaa huko wiki tatu.

Kisa hiki kinawahusu wengi zaidi ya familia moja. Zamani msumeno wa umeme ulikuwa kitu cha karakana, na karakana ilikuwa mjini. Leo mashine ndogo zilizotumika zinauzwa Mwanza na Bukoba, zinapanda basi au fuso, na zinafika hadi nyumba ya mwalimu, muuguzi au mfanyabiashara ambaye hataki kuwa seremala. Anataka tu kitu cha kufanya kwa mikono yake Jumamosi. Ni burudani nzuri, na kwa kweli ni nafuu kuliko nyingine zinazomtoa baba nyumbani mwisho wa wiki. Tatizo ni kwamba karakana ya fundi ina fundi wakati wote, na kibanda cha nyumbani kina watoto wakati wote.

Kasi isiyoonekana

Mzazi anayeufikiria msumeno wa meza kama msumeno wa mkono uliofungwa mota anakosea. Bledi ya kawaida ya mashine hizi ndogo ina upana wa inchi 10. Ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, jino lililo ukingoni linasafiri karibu mita 40 kwa sekunde, yaani kilomita 144 kwa saa. Basi la abiria linalotoka Bukoba kwenda Biharamulo haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa. Jino la msumeno linakaribia kasi hiyo mara mbili, likiwa limesimama palepale mbele ya tumbo la mtu.

Wengi hudhani hatari pekee ni kukatwa. Kuna nyingine inayotangulia, na mara nyingi ndiyo inayoleta ya kukatwa: kurushiwa ubao. Meno ya mbele ya bledi yanashuka, yanaukandamiza ubao mezani. Meno ya nyuma yanapanda. Ubao ukibanwa kati ya bledi na fensi, ule ukingo wa chuma unaouegemea wakati wa kupasua, meno ya nyuma hunyanyua ubao na kuurusha kwa aliyesimama mbele. Mkono uliokuwa unausukuma hupoteza mhimili na kuelekea kwenye bledi. Yote hayo hutokea kabla mtu hajasema "aa".

Marekani, ambako burudani hii imeenea sana, watu wanaoumizwa na misumeno ya meza huhesabiwa kwa makumi ya maelfu kila mwaka. Wakili mmoja wa huko aliyesomea pia fizikia, Steve Gass, mwaka 1999 alibuni msumeno unaohisi ngozi ya binadamu na kusimama ndani ya sehemu chache za elfu za sekunde. Alianza kuujaribu kwa soseji. Baadaye aliweka kidole chake mwenyewe, na kidole kikapona. Mashine hizo zipo sokoni kwa jina la SawStop, lakini bei yake si ya kibanda cha Muleba. Mashine inayofika huku haihisi kitu. Ubao, soseji na kidole cha mtoto kwake ni kitu kimoja.

Swichi iliyomsahau baba

Kuhusu umeme kukatika, familia ile ilijifunza jambo ambalo kila nyumba yenye mashine inapaswa kulijua leo kabla ya chakula cha jioni. Swichi ya kawaida ya kubonyeza juu na chini haijui kama umeme umekatika. Ikiachwa imewashwa, inabaki imewashwa gizani, na umeme ukirudi mashine inaanza. Fundi umeme yeyote anaweza kufunga swichi ya sumaku, ambayo umeme ukikatika hujiachia yenyewe na haiwashi mpaka mtu aibonyeze upya. Kwa mkoa ambao taa hukatika na kurudi bila kupiga hodi, kifaa hicho kingepaswa kununuliwa siku moja na msumeno.

Na kisiponunuliwa, kuna njia ya bure: plagi. Si swichi, plagi. Bledi haiguswi, haibadilishwi, haipimwi, na chakula hakiliwi, mpaka plagi imetoka ukutani na inaonekana kwa macho.

Mama wa Kimwani alikuwa na wazo bora zaidi. Wiki ya pili ya kifungo cha mashine, baba alijaribu kumshawishi.

"Mama watoto, mashine haina kosa."

"Sijasema ina kosa. Nimesema haina mwenyewe."

Alichotaka, ilibainika, hakikuwa mashine kuuzwa. Alitaka kikopo cha bati chenye kifuniko cha kufungwa kwa kufuli. Plagi iingie humo, waya utokee kwenye tundu dogo, na ufunguo ukae kwake. Anayetaka kuwasha mashine aje auombe, na akija aeleze anakwenda kukata nini na watoto wako wapi. Baba aliona ni kudhalilishwa. Viwandani mambo hayo ni kawaida, mashine hufungwa kufuli kabla ya kuguswa na hakuna mhandisi anayelalamika. Lakini viwandani ufunguo haushikwi na mke.

Mzee wa vidole tisa

Aliyevunja ukimya wa nyumba ile alikuwa fundi seremala mzee wa kijijini, aliyefika kuulizia mbao. Binti wa nyumba, mwanafunzi wa kidato cha pili, alimpokea.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Baba yupo, au naye amefungiwa?"

Habari zilikuwa zimemfikia. Mzee ana vidole tisa na nusu ya cha kumi. Akiulizwa husema nusu nyingine aliisahau Bukoba mjini, akiwa kijana, kwa sababu siku hiyo alikuwa na haraka ya kuwahi ngoma. Alipofunguliwa kibanda, hakuitazama bledi. Aliitazama fensi, akaweka kipande cha mti kati yake na bledi upande wa mbele, akakisogeza nyuma. Kikakwama.

"Hii ingewarushia ubao hata kama mtoto hangeingia," alisema. "Nyuma pamefinywa."

Yaani baba alikuwa amepasua mbao miezi minne kwa mashine iliyopinda, na kila mara ubao uliposita alidhani mti una mafundo. Na hapa ndipo wazazi wengi wanaopenda burudani hii hukosea. Hudhani usahihi ni suala la urembo, la watu wanaotengeneza visanduku vya maonyesho. Usalama na usahihi katika msumeno wa meza ni kitu kimoja. Mashine iliyotegwa sawasawa inakata vizuri kwa sababu ileile inayoifanya isirushe.

Karatasi ya fotokopi

Watengenezaji wa samani wa nchi za nje hutega mashine zao kwa saa ya kupimia inayosoma sehemu za mia za milimita. Kibanda cha Kimwani hakikuwa nayo, na wala hakikuihitaji. Kilikuwa na binti wa kidato cha pili na karatasi za fotokopi.

Karatasi hizo huuzwa katika rimu ya karatasi 500, na rimu ina unene wa karibu sentimita 5. Binti aligawanya: karatasi moja ni sehemu moja ya kumi ya milimita. Basi tayari ana kipimo ambacho rula ya shule haiwezi kukifikia.

Plagi ikiwa ndani ya kikopo chake na kufuli limefungwa, walichagua jino moja la bledi wakalitia alama ya chaki. Juu ya meza ya msumeno kuna mfereji ambamo huteleza kipande cha kusukumia ubao wakati wa kukata kwa kukingama. Walichonga kijiti kinachokaa ndani ya mfereji huo bila kucheza, wakakichomeka skrubu iliyoelekea kwenye bledi. Wakaizungusha skrubu mpaka kichwa chake kikaligusa kwa shida lile jino lenye chaki likiwa upande wa mbele. Kisha wakaizungusha bledi kwa mkono hadi jino lilelile likafika nyuma, wakasogeza kijiti nyuma pia. Jino ni lilelile kwa makusudi, kwa sababu bledi yenyewe inaweza kuwa imejikunja kidogo, na ukipima meno mawili tofauti utakuwa unapima mkunjo.

Nyuma palikuwa na mwanya. Karatasi moja ikapita, mbili, tatu. Sita zilipita, ya saba ikagoma. Meza na bledi zilikuwa zimepishana sehemu sita za kumi za milimita kutoka mbele hadi nyuma. Kwa macho ni sifuri. Kwa ubao mgumu unaopita hapo ni mlango unaofungwa.

Kurekebisha kulichukua mchana mzima. Boliti zinazoshika mota chini ya meza zililegezwa, mzee akagonga kwa nyundo ya mti, taratibu kama anayemwamsha mgonjwa, binti akapima, zikakazwa, na kwa kukazwa zikahama tena. Mara ya tano ilipita karatasi moja na ya pili ikakataa. Mzee akasema basi, hapo panatosha kwa mtu asiyetengeneza saa za mkononi. Fensi nayo ikalinganishwa na mfereji uleule, na nyuma ikaachwa wazi kwa unene wa karatasi moja, ili ubao ukishapita jino la mbele upate nafasi ya kupumua. Kuifinya nyuma hata kwa unene huo ni kuomba balaa.

Kulikuwa na kitu kingine ambacho aliyeuza mashine alikitoa, au aliyeitumia kabla alikitupa: bapa la chuma linalosimama nyuma tu ya bledi, jembamba kidogo kuliko njia ya msumeno. Kazi yake ni kuzuia ubao uliopasuliwa usijifunge na kuibana bledi. Wengi hulitoa kwa sababu linawakera. Mzazi anayenunua mashine iliyotumika aulizie bapa hilo kabla hajauliza bei, na kama halipo, fundi wa kuchomelea alitengeneze kwa kipimo cha bledi yenyewe.

Bledi kusimama wima nako kuna jaribio ambalo mtoto hulipenda. Unasimamisha ubao kwa ubavu, unaukata, kisha kipande kimoja unakigeuza juu chini na kuvigusanisha tena. Kama bledi iko wima kabisa, vipande vinakutana bila mwanga kupita. Kama imelala kidogo, mwanya unaouona ni kosa mara mbili, hivyo hata jicho la mtoto linaliona. La kukata pembe mraba limepanuliwa zaidi: unakata pande nne za kipande kimoja cha ubao, kila mara upande uliotoka kukatwa ukiwa ndio unaoegemea, na mara ya tano unakata ukanda mwembamba. Tofauti ya upana kati ya ncha mbili za ukanda huo ni kosa lililokusanywa mara nne. Ukanda wa milimita 400 uliozidi upande mmoja kwa sehemu nane za kumi unamaanisha kosa la sehemu mbili za kumi. Binti aliliandika hilo kwenye daftari la hisabati, na inasemekana ni ukurasa pekee wa daftari hilo aliouonyesha kwa hiari yake.

Ni nani agusaye nini

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iko wazi kuliko wazazi wengi wanavyodhani. Mtoto anaweza kufanya kazi nyepesi kuanzia miaka 14. Kazi ya hatari haruhusiwi kabla ya 18, na miongoni mwa kazi za hatari sheria inataja zile za mahali panapotumika mashine. Iliandikwa kwa ajili ya ajira, na baba anaweza kusema kibanda chake si ajira. Bledi haijui tofauti hiyo.

Haina maana mtoto afungiwe nje. Anayefungiwa nje kabisa ndiye anayeingia wakati watu wanakula. Familia ile ilichora mstari wa chaki sakafuni, hatua tatu kutoka kwenye mashine. Mtoto wa miaka saba anakaa nje ya mstari, na huko ana kazi: msasa, kupanga skrubu kwa urefu, kufagia vumbi mashine ikiwa imefungwa. Binti anapima, anachora, anakata kwa msumeno wa mkono, anapiga randa ya mkono. Kwenye msumeno wa meza anatega, anakagua, lakini hakati. Hilo litasubiri. Shule za sekondari sasa zina mkondo wa amali katika mtaala mpya, na vyuo vya VETA vinafundisha useremala mbele ya mwalimu na kwa utaratibu. Msichana anayejua kupima bledi kwa karatasi ataingia huko akiwa mbele ya wavulana wengi waliofundishwa tu kusukuma. Bado wapo wazazi wanaosema useremala ni wa wanaume. Waseme pia kipi kati ya rula, chaki na karatasi kina ndevu.

Kwa mtu mzima anayekata, mambo ni machache na hayana mjadala. Glavu havai, kwa sababu jino likishika uzi wa glavu linavuta mkono mzima. Mikono ya shati haininginii, kanga haifungwi kiunoni kwa kulegea, kamba ya kitambulisho haiachwi shingoni. Bledi haipandishwi zaidi ya jino moja juu ya ubao. Anasimama pembeni kidogo, kamwe si nyuma ya bledi moja kwa moja. Ubao mwembamba husukumwa kwa kijiti, na kijiti kinakaa mezani kabla mashine haijawashwa, asije akakitafuta huku bledi inazunguka.

Vumbi nalo lisichukuliwe kwamba ni la kupiga chafya tu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani tangu mwaka 1995. Vumbi la mvule linajulikana pia kwa kuwasha ngozi na kubana kifua. Barakoa, mlango wazi, na nguo za kibandani zisipelekwe kitandani kwa mtoto.

Mti wa Kanada na mti wa mpakani

Kilichomfanya baba anunue mashine kilikuwa picha kwenye simu. Kisanduku kidogo kilichotengenezwa Marekani kwa mbao ya mepo, mti ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada. Si mepo ya kawaida. Ilikuwa na mawimbi, mistari ya mwanga na kivuli inayocheza ukiigeuza, kama maji ya ziwa jioni. Mawimbi hayo hutokea pale nyuzi za mti zinapokua kwa kupinda badala ya kunyooka, hivyo mwanga unarudi kwa pembe tofauti kila sentimita. Migongo ya fidla mashuhuri za Antonio Stradivari wa Cremona, Italia, aliyefariki mwaka 1737, ilitengenezwa kwa mepo ya Ulaya ya namna hiyo. Baba alikuwa amepiga hesabu ya kuagiza vipande viwili. Nauli ilikuwa kubwa kuliko mbao.

Mzee alipoonyeshwa picha alicheka, akatoka nje, akaonyesha kwa kile kidole chake kifupi mpaka wa shamba la kahawa. Mgrevilea.

Mti huo asili yake ni mashariki ya Australia. Uliletwa Afrika Mashariki kwa ajili ya kivuli cha kahawa na chai, na leo Kagera umejaa kwenye mipaka ya mashamba na kandokando ya migomba. Watu wanauona wa kuni na mbao za kupaulia. Hawaujui kwa sababu ya jinsi unavyopasuliwa. Gogo la mgrevilea lina mishipa mipana inayotoka moyoni kwenda kwenye gome, kama spoku za baiskeli. Likipasuliwa ovyo, mishipa inakatwa vichwa na ubao unatoka na vidoa tu. Likipasuliwa kwa kupita moyoni, ubao ukafuata njia ya spoku, mishipa inalala wazi juu ya uso wake, na ubao mzima unang'aa kama umefunikwa kitambaa cha lesi. Hapo hakuna anayeulizia Kanada.

Na si huo pekee. Mfenesi, ambao karibu kila kaya ina mmoja, una mbao ya njano inayogeuka hudhurungi ya asali kadiri miaka inavyopita. Mwembe mzee wakati mwingine hutoa mawimbi ya kweli. Musizi ni mwepesi na hauna maua ya kujivunia, lakini hukua haraka na hufaa kwa mgongo wa kabati. Jina lake la kitaalamu, Maesopsis eminii, limebeba jina la Emin Pasha, yuleyule aliyeanzisha kituo cha Wajerumani cha Bukoba mwaka 1890. Mvule ni hadithi nyingine, na hata ukiwa shambani kwako, muone afisa misitu kabla hujaugusa.

Mbao iliyotoka msituni jana haifai kisanduku. Bukoba hupata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na ubao unaokaushwa kwenye hewa hiyo unataka subira: desturi ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, ukiwa kivulini, vijiti vikitenganisha ubao na ubao. Binti aliongeza ujanja wake. Kila Jumapili anapeleka kipande kimoja dukani, kinapimwa kwenye mizani ya sukari, anaandika. Uzito ukiacha kushuka kwa wiki kadhaa mfululizo, mbao imekauka kadiri hewa ya hapo inavyoruhusu.

Mbao yenye maua ina kiburi chake. Nyuzi zinazopinda zinang'oka chini ya randa na kuacha vishimo. Dawa yake ni kisu kikali sana, kupiga kidogo kidogo, na kumalizia kwa kukwangua. Mafundi wengi hukwangua kwa kipande cha kioo. Kwa nyumba yenye mtoto, kipande cha msumeno wa mkono uliochoka, kilichonyooshwa ukingo, kinafanya kazi ileile bila kuvunjika vipande sakafuni. Mgrevilea mbichi pia huwasha baadhi ya watu ngozi, kwa hiyo mikono ioshwe kabla ya kugusa macho.

Wiki ya tatu

Mama alifungua kufuli Jumamosi ya wiki ya tatu, baada ya kuonyeshwa karatasi. Hakuelezwa. Alionyeshwa: plagi ndani ya kikopo, jino lenye chaki, karatasi moja inayopita na ya pili inayogoma. Akaijaribu mwenyewe mara mbili.

"Kabla ilikuwa ngapi?"

"Sita, mama," binti akajibu.

Alimtazama mumewe kwa muda ambao mumewe aliuona mrefu. Kisha akatoa ufunguo kwenye pindo la kanga.

Kisanduku cha kwanza hakikufungana vizuri. Pembe nne za kisanduku zinataka mikato minane, na mkato ukikosea nusu digrii, ukifika pembe ya mwisho umekusanya digrii nne, mwanya wa kupitisha ukucha. Baba alikuwa ameharakisha jaribio la ukanda. Cha pili, cha mgrevilea uliopasuliwa kwa kupita moyoni, kilifungana. Mama anawekea humo vyeti vya kliniki vya watoto na risiti za ada.

Mtoto wa miaka saba amepewa kazi moja ambayo hakuna mwingine anaruhusiwa kuifanya. Umeme ukikatika, popote alipo, anapaza sauti: "Swichi!" Mtu mzima hujibu: "Imezimwa, na plagi nje." Asiporidhika hurudia. Wiki iliyopita umeme ulikatika usiku wa saa nne, kibanda kimefungwa, plagi ndani ya kikopo, wazazi wamelala. Sauti ikatoka chumba cha watoto. Baba alijibu mara moja, mama akamwambia ajibu vizuri, na ilibidi ainuke na tochi akakague.